Nilipoambiwa Sina Mbegu

Sista Rose, muuguzi wa kliniki tuliyotibiwa hapa Kisumu, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wanawake wakifanikiwa, au hata wakichoka, hurudi kusalimia na kuwaachia wenzao maneno mawili matatu. Wanaume hawarudi. Wakikutana naye Kibuye sokoni wanainamia nyanya na kuzichagua kama watu wenye karamu. Nilicheka, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuinamia nyanya.

Jina langu ni Owino. Ni dereva wa lori la miwa upande wa Muhoroni, na mke wangu Akinyi anafundisha shule ya msingi mjini. Mambo ya gharama utaambiwa huko huko kliniki, na mambo ya sayansi daktari atakuchorea. Mimi nitasema yale ambayo sikupata mtu wa kuniambia.

Miaka yetu ya kwanza ya ndoa, macho ya watu wote yalikuwa kwenye tumbo la Akinyi. Yeye ndiye aliyepimwa. Alitolewa damu, akapigwa picha, akatiwa dawa ya rangi kwenye mirija ya uzazi, na siku hiyo alirudi nyumbani ameinama, ameshika ukuta. Alikwenda kote huko peke yake huku mimi nikisomba miwa. Halafu jioni moja akaniambia daktari amemaliza naye. Kwake hakuna tatizo. Sasa wanataka mume.

Nilikubali upesi. Nilikuwa mtu mwenye nguvu, sikuwa nimewahi kulazwa, na mambo ya kitandani hayakuwahi kunishinda. Sikujua kwamba hayo na kuwa na mbegu ni mambo mawili tofauti. Ukisoma maandishi haya ukasahau yote, hilo usilisahau.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kandokando ya ukuta, na televisheni ya nyimbo za injili iliyopunguzwa sauti. Nilipoingia, wanawake wote waliinua macho, kisha wakayashusha pamoja. Msichana wa mapokezi aliniuliza kama nimemleta mama. Nikamwambia nimekuja mwenyewe. Akarudia kwa sauti, "Mwenyewe?" halafu akaelewa, akanipa kichupa na ufunguo. Ufunguo ule walikuwa wameufunga kwenye kipande kikubwa cha mbao ili mtu asiondoke nao kwa kusahau. Kwa hiyo unapita mbele ya wanawake wote umebeba mbao, na kila mmoja anajua unakwenda chumba gani na kufanya nini.

Ndani kulikuwa na kiti kilichovishwa plastiki na sinki. Upande wa pili wa ukuta wanawake wawili walikuwa wanazungumza kuhusu bei ya omena, dagaa wa ziwani. Nilikaa humo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Niliporudi kuchukua majibu, daktari alikuwa mtu wa rika langu, mpole, mwenye mazoea ya kupanga kalamu zake mezani kabla ya kusema.

"Bwana Owino, tumetafuta. Hatukuona hata moja."

"Moja ya nini?"

"Mbegu. Hakuna hata moja."

Nilimwomba arudie kipimo. Akasema angerudia hata kama nisingeomba. Nilibeba ule ubao mara ya pili, na jibu likawa lile lile. Aliniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Niliugua nikiwa darasa la nane. Shingo ilivimba, na baada ya siku chache uvimbe ukashuka mahali pengine. Mama alinikanda kwa vitambaa vya moto, na nilipopona tulicheka jinsi nilivyokuwa natembea. Daktari alisema huenda ndiyo sababu, huenda siyo. Hakuweza kuapa.

Kutoka hapo nilirudi kazini. Kwenye foleni ya mizani ya kiwanda cha sukari malori yalikuwa yamesimama moja nyuma ya jingine, na madereva walikuwa chini ya kivuli cha trela wakipiga domo. Siku hiyo walikuwa wanamtania mwenzetu aliyezaa wasichana watupu. Nilicheka pamoja nao, tena nilicheka kwa sauti. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Mtu wa malaria hufunikwa blanketi na kuletewa uji. Wewe unatembea, unakula, unabeba mizigo, na hakuna anayekuuliza umeamkaje.

Sikumficha Akinyi. Nilimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikamwambia nikiwa bado nimesimama. Alimaliza daftari lililokuwa mkononi, akalifunga.

"Kwa hivyo miaka hii yote mwili wangu umekuwa ukisingiziwa," alisema.

"Ndiyo."

"Sitashangilia, Owino. Lakini niache nikae na hilo kidogo."

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, mimi nikabaki ndani na madaftari ya watoto wa watu. Nilitamani kumfuata, lakini alikuwa ameomba nimwache. Nilikuwa nimezoea kwamba shida ikitupata, tunaipata pamoja. Hii ilikuwa ya kwanza kutuweka kila mmoja upande wake wa mlango.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mama, nyumbani kwetu karibu na Kombewa. Sikutaka aendelee kumtazama mke wangu kwa jicho la lawama. Baba alishafariki, na mama alikuwa peke yake anabambua njugu karanga kwenye ungo. Kwa Kijaluo neno la mwanaume asiyezaa ni zito, huwezi kulitaja mbele ya mzazi wako. Kwa hivyo nilimwambia mama yangu mzazi kwa Kiswahili, kama karani wa ofisi.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Daktari."

"Daktari huyo alikuwepo nikikuzaa?"

Akaendelea kubambua. Nilipoaga alinifungia njugu kwenye mfuko, nusu yangu na nusu ya Akinyi, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Nikadhani amekubali.

Haukupita mwezi akaniita. Safari hii nilimkuta baba mdogo Ochola ameketi kwenye kiti cha marehemu baba, na mdogo wangu Ouma kwenye stuli karibu na mlango. Ouma ana watoto watatu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba mdogo hakuzunguka. Alisema jambo hili si geni, wazee walikuwa nalo na walilimaliza ndani ya boma bila hospitali.

"Ndugu yako huyu hapa. Damu ni moja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikasema.

"Utajua na utanyamaza. Mwanaume ana kazi gani nyingine?"

Mama alikuwa anamimina chai. Sikujua kama ni yeye aliyekwenda kumwita au kama habari zilimfikia mzee kwa njia nyingine, na sijawahi kumuuliza. Niliinuka nikaondoka bila kunywa chai iliyokuwa imeshamiminwa, na kwetu hilo ni tusi.

Nilimweleza Akinyi yote. Alikuwa anapepeta mchele. Alisimamisha ungo.

"Mwambie baba mdogo wako sikuolewa na boma zima. Mimi si shamba la kuazimana."

Hakulitaja tena, lakini mwaka ule hakukanyaga Kombewa.

Ouma alinifuata Muhoroni siku moja, mpaka kwenye maegesho ya malori. Aliniambia hakuwa amekubali, alinyamaza tu kwa heshima ya mzee. Nilimwambia najua. Tulikunywa chai pamoja, na ilipokwisha kila mmoja aliangalia simu yake. Tangu hapo aliacha kuwaleta watoto wake kwetu likizo zikifika. Nadhani aliona ananionea huruma. Sikuwahi kumwambia kwamba nyumba ilikuwa kimya kuliko zamani, na kwamba nilikuwa nimeshanunua baiskeli ndogo ya wao kuchezea. Niliiuza.

Matibabu yangu yalianza mvua ndefu zilipoanza. Yalikuwa vidonge na sindano za homoni za kujaribu kuamsha kilicholala. Sikutegemea mwili wangu ungebadilika vile. Chunusi zilinitoka usoni kama mvulana wa kidato cha pili. Kifua kiliuma hata mkanda wa kiti ukinigusa, na matiti yakavimba kidogo, kiasi cha kunifanya nivae mashati mawili kwenye joto la Muhoroni. Nikanenepa. Nikawa mtu wa kulia. Niliwahi kusimamisha lori kando ya barabara ya Awasi kwa sababu mwanamke kwenye redio alikuwa anamtumia mumewe salamu za kheri.

Daktari alisema pia joto si zuri kwangu. Kiti cha lori kiko juu ya injini, na mchana kutwa unakaa kama mkate kwenye tanuri. Nilimwomba msimamizi anihamishie getini, nikasema mgongo unaniuma. Alinihurumia, akanihamisha. Madereva wakaanza kuniita mzee wa mgongo. Walikuwa wanapita getini wakipiga honi, nami nawafungulia, na vumbi likitulia nabaki na kikombe changu. Sikujua mpaka wakati huo kwamba nilikuwa na marafiki kwa sababu ya foleni tu. Nje ya foleni hatukuwa na la kuambiana.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yangu ya kliniki. Jumatatu ya tatu au ya nne niliinua macho nikamwona mwanaume mwingine amekaa kiti cha pembeni. Nilimfahamu. Ni Jayesh, mwenye duka la vipuri mjini, familia ya Kihindi iliyokaa Kisumu tangu babu zao. Nilikuwa nimenunua feni na filta kwake kwa miaka. Yeye pia alinifahamu. Tukatazama televisheni wote wawili kwa bidii kubwa.

Wiki hiyo nilikwenda dukani kwake kwa ajili ya kiwanda. Alinihudumia kama kawaida, akafunga vitu, akanipa mfuko. Kisha akasema taratibu, "Bwana Owino. Jumatatu?"

"Jumatatu," nikajibu.

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu. Wakati huo sikuwa na mazungumzo mengine yaliyonifaa zaidi. Tulianza kukaa viti vinavyopakana. Hatukuwahi kuulizana matokeo. Akiitwa yeye kwanza, ninainua miguu apite. Nikiitwa mimi, ananishikia gazeti.

Vidonge havikuamsha kitu. Daktari akasema kilichobaki ni kupasua kidogo na kutafuta ndani ya korodani zenyewe, kwa sababu wakati mwingine mbegu huwapo humo lakini hazitoki. Tulingoja kiwanda kifungwe kwa matengenezo ya kila mwaka, nikaomba likizo, majirani tukawaambia ni ngiri.

Asubuhi ya upasuaji alikuja daktari kijana mwanamke, mtafiti. Akaniomba ruhusa wabaki na kipande kidogo cha nyama watakachotoa, wachunguze kwa nini wanaume kama mimi tunakuwa hivi. Akasema vipande vya wanawake wanavyo vingi, vya wanaume ni shida kupata. Nilikubali. Baadaye nilimuuliza kama wameona kitu, akaniambia kwa uaminifu kwamba bado. Mara nyingi nimewaza kwamba mahali fulani kwenye barafu kipo kipande changu, na watu wasionijua wanakiuliza swali lile lile ninalojiuliza mimi.

Walipata mbegu chache. Chache sana, daktari alisema, lakini zipo, na wakazigandisha. Nililia nikiwa nimelala chali, machozi yakaingia masikioni. Nilivimba wiki nzima. Nilitembea nimepanua miguu kutoka kitandani hadi mlangoni, na Akinyi alipokuja na barafu iliyofungwa kwenye taulo aliniangalia nilivyosimama akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka nyuzi zikauma. Tulikuwa hatujacheka pamoja kwa msimu mzima wa miwa.

Sasa ikawa zamu yake tena, mwanamke ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Ni yeye aliyechomwa sindano tumboni kila jioni ili mayai yakomae. Dawa zenyewe zinataka baridi, na mtaani kwetu Manyatta umeme ulikuwa unapotea bila kuaga. Nilizunguka kichwani nikitafuta mtu mwenye friji la uhakika ambaye hataniuliza, na sikupata ndugu hata mmoja. Nilikwenda kwa Jayesh. Nilisimama kaunta na boksi langu, sikujua pa kuanzia. Hakunisubiri nianze.

"Leta. Nyuma ya maziwa pale. Jenereta iko, na hiyo friji ni mimi tu nafungua."

Kila jioni nilipita dukani kwake akanipa dozi ya siku hiyo ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Alikuwa ameacha kuja kliniki wakati huo. Sikumuuliza, na yeye hakusema. Siku moja tu, akinipa chupa, alisema mke wake amekwenda kukaa kwa dada zake huko Nakuru kwa muda. Nikamwambia pole. Akaitikia, akamgeukia mteja mwingine.

Mimi ndiye nilimchoma Akinyi. Nilijifunza kubana ngozi, kuingiza polepole, kuhesabu na kutoa. Tumbo lake likawa na alama za bluu kama mtu aliyepigwa. Alivimba, akashindwa kufunga sketi ya kazini, na walimu wenzake wakaanza kumpongeza. Aliwaambia ni gesi.

Kutokana na mayai yake na mbegu zangu chache vilipatikana viinitete viwili. Sista Rose alitwambia tushukuru, na tulishukuru. Cha kwanza walikipandikiza mvua za vuli zikinyesha. Tulitembea kama tumebeba yai kwenye kijiko. Kabla siku ya kupima haijafika Akinyi alitoka chooni akaketi pembeni yangu, na sikuhitaji kuambiwa.

Cha pili kilishika. Kipimo kikasema ndiyo, na kingine kikasema ndiyo. Kwa wiki kadhaa nilifungua geti la kiwanda nikiwa na siri nzuri kwa mara ya kwanza, nikawa nawapungia madereva. Kisha tukaenda kupiga picha ya kwanza. Daktari alizungusha kile kifaa kwenye tumbo la Akinyi muda mrefu. Akapunguza mwanga wa skrini. Akakigeuza kiti chake kututazama, na mapigo ya moyo hayakuwapo.

Akinyi hakutaka kurudi nyumbani. Akasema anataka kuona maji. Tulikwenda Dunga tukakaa pale ufukweni, na magugu yalikuwa yamefunika ziwa, kwa hivyo hata maji yenyewe hatukuyaona, kijani tu mpaka mbali. Watu walikuwa wanakula samaki nyuma yetu. Tulikaa hadi jua lilipoanza kushuka. Nilitaka kumwambia samahani, lakini neno hilo lilikuwa dogo, na nilijua angenikataza. Nilimshika mkono. Aliuacha niushike, ila haukunishika.

Mbegu zilizogandishwa zilikuwa zimekwisha. Daktari alisema kupasua tena kusingefaa. Kulikuwa na njia moja iliyobaki, ya mtoaji, mwanaume tusiyemjua na asiyetujua, ambaye mbegu zake zimehifadhiwa. Nilimwambia asante, tutafikiri. Nje ya mlango nilimwambia Akinyi hapana.

Hakubishana. Niliomba kurudishwa kwenye lori, kwa sababu joto la injini halikuwa tena na kitu cha kuharibu. Madereva walinipokea, wakaniuliza mgongo, nikasema umepona. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Akinyi alifundisha, akasahihisha, akapika, tukala, na kati yetu mezani kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulitaja na mimi nilijua halitaji kwa ajili yangu. Hakuna upweke mkubwa kama huo, wa kusubiriwa na mtu anayekupenda.

Alilitaja mara moja tu. Tulikuwa tunaanua nguo, mvua imetanda.

"Baba mdogo alisema damu ni moja, nani atajua. Wewe unaogopa damu nyingine, nani atajua. Nyinyi wote mnazungumza damu. Mimi nataka mtoto wa kulea na wewe. Kama si na wewe, sitaki."

Akaingia ndani na nguo, akaniachia kamba tupu.

Nilikwenda kliniki peke yangu, si Jumatatu. Nilimkuta Sista Rose anakunywa chai, nikamuuliza swali moja ambalo sikuweza kumuuliza daktari. Wanaume waliokubali njia hiyo, je, wanawapenda watoto?

Alifikiri. Angeweza kunidanganya.

"Sijui, Bwana Owino," alisema. "Hawarudi kuniambia."

Pengine ndiyo sababu niliamua. Kama angeniambia wote wanawapenda, nisingemwamini. Nilimwambia Akinyi ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyefumba macho.

Mara ya kwanza haikushika, mara ya pili ikashika. Hatukumwambia mtu mpaka tumbo lilipojisema. Kwa mama nilipeleka neno moja tu, kwamba hospitali imetusaidia. Kila picha tuliyokwenda kupiga nilitazama mikono ya daktari badala ya skrini, nikingoja apunguze mwanga. Hakupunguza.

Msichana alizaliwa msimu wa miwa umepamba moto. Nilikuwepo. Wakampangusa, wakanipa. Nitasema ukweli kwa sababu hii ndiyo sehemu niliyotaka mtu aniambie. Nilimtazama nikitafuta mgeni. Nilitazama masikio, vidole, umbo la paji la uso, nikimtafuta mwanaume nisiyemjua. Nilimbeba kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake kituoni. Akinyi aliona. Alinyonyesha huku akiniangalia.

Mama akaja kutoka Kombewa na unga wa wimbi na kuku wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwetu tangu yale ya baba mdogo. Alimpa Akinyi mkono, Akinyi akaupokea. Aliosha nguo, akapika uji, hakuuliza kitu chochote kuhusu hospitali.

Siku za mwanzo mtoto hakulia sana, halafu akaanza. Alilia kuanzia mchana mpaka alasiri, ameshiba, mkavu, hana homa. Kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa anatafutiwa jina. Siku ya tatu ya kilio mama alimchukua mikononi mwa Akinyi, akakaa naye kitandani, akaanza kuwataja wanawake wa ukoo wetu waliofariki, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kama anayewaita waje kula. Mtoto alilia tu. Mama alifika kwa bibi yangu, mama yake baba.

"Aloo," alisema.

Mtoto akanyamaza. Alivuta pumzi mbili zile za kwikwi, akafumba macho. Akinyi alinitazama. Mama akamlaza, akachukua beseni la nguo za mtoto akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa anaanika nepi, ananipa mgongo. Nikasema kwa Kijaluo safari hii.

"Mama, mtoto huyu, hospitali ilivyotusaidia..."

"Alikuwa analia au halii?"

"Alikuwa analia."

"Nilipomtaja Aloo alinyamaza au hakunyamaza?"

"Alinyamaza."

"Basi. Aloo anajua watu wake."

Alikung'uta nepi nyingine, akaitandaza kwenye kamba. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama mtoto alinyamaza kwa sababu ya jina au alikuwa amechoka kulia. Sikujua mama anajua kiasi gani. Nilitaka kuuliza, na nilikuwa na swali mdomoni, aliponyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Kwetu mwanaume wa umri wangu huitwa kwa jina la mtoto wake. Madereva wenzangu wote wanaitwa hivyo. Mimi nilikuwa Owino tu, hata kwa mama yangu.

"Wuon Aloo," aliniita, baba yake Aloo, "niletee hivyo vibanio."